Mama Yake Alijibu Nini?

Kwetu Njombe mtu akisimama kanisani kushuhudia, waumini wanajua mapema mambo yatakwendaje. Ataanza na "Bwana Yesu asifiwe", atasimulia alivyokuwa mtumwa wa ulanzi au alivyozungushwa na waganga mpaka ng'ombe wakaisha zizini, atafika kwenye semina iliyomgeuza, kisha vigelegele vitamrudisha kwenye benchi. Nimesikia shuhuda za aina hiyo tangu utotoni na nyingine zimenitoa machozi kweli. Wangu hauna pombe wala mganga. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja ndani ya jumba la sanaa nchini Sweden, Jumamosi asubuhi, nikawasikiliza waandishi ambao ni wapenzi wa jinsia moja wakisoma kazi zao. Nilirudi nyumbani nimebadilika katika jambo moja tu. Imani yangu nilirudi nayo, sauti yangu ya pili kwenye kwaya nilirudi nayo, na ubishi wangu, ambao wanafunzi wangu wa zamani wanaukumbuka kuliko somo lenyewe, upo vilevile.

Nilifundisha Kiswahili shule za msingi hadi nilipostaafu. Jioni na mwisho wa juma nilikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani, na anayeijua Njombe anajua kazi hiyo ilikuwa na maana gani. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa mkoa wetu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 5.1. Mkoa wenyewe ulikuwa ndiyo kwanza umemegwa kutoka Iringa, na takwimu hiyo ikawa kitambulisho chetu mbele ya Watanzania wenzetu. Lakini sisi tuliokuwa tunaingia kwenye nyumba za watu tulikuwa tunajua zamani. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, nilisaidia kuosha maiti za watu niliowafundisha kusoma. Msibani ilitangazwa kwamba marehemu alisumbuliwa na kifua, au aliugua muda mrefu, basi. Vijana kule nyuma walinong'ona kwamba kakanyaga waya. Mke wa marehemu naye alikuwa amekaa hapo kwenye mkeka, akijua, huku kila mtu akijua kwamba anajua.

Kilichovunja ukimya ule, kwa macho yangu, ni ushuhuda. Wa kwanza niliyemsikia alikuwa mama mmoja muuza vitumbua. Alisimama baada ya matangazo, akasema anaishi na virusi, mumewe amekufa navyo, na yeye hana mpango wa kufa mwaka huo. Kanisa likanyamaza hata watoto wachanga wakanyamaza. Mzee mmoja wa kanisa akasema "Amina" huku anakohoa, nadhani kwa kukosa la kusema. Baada ya Jumapili hiyo watu walianza kwenda kupima wakisindikizana, na mimi niliwasindikiza wengi.

Nimeanza na habari hiyo ili ieleweke kwamba sikwenda Sweden nikiwa mgeni wa nguvu ya neno linalotamkwa hadharani. Niliijua vizuri. Ila kuna mtu mmoja katika ukoo wetu ambaye neno hilo halikuwa limemfikia.

Mama yangu mdogo anaishi Makambako, kwenye nyumba ambayo usiku unasikia malori yanavyokanyaga breki yakikaribia njia panda, moja inakwenda Mbeya na nyingine inashuka Njombe mpaka Songea. Amezaa watoto watano. Ukimuuliza anao wangapi, atakuambia wanne. Huyo wa tano, kitinda mimba, alikaa kwangu Njombe alipokuwa sekondari. Alikuwa mtoto wa kuamka kabla ya jogoo, akinisaidia kusahihisha daftari za darasa la tatu kwa kalamu nyekundu na kuandika "jitahidi" kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Alipokuwa amekwisha kuanza kazi Makambako, maneno yakazuka mtaani juu yake na rafiki yake wa kiume. Hakuna aliyekamatwa na hakuna aliyepigwa, tushukuru. Lakini mwenye nyumba alimtaka ahame, kazini wakaanza kumkwepa, na siku moja akapanda basi la Dar es Salaam.

Alikuwa Dar Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba huo ulikuwa msimamo wake binafsi, si wa serikali. Taarifa za wizara haziwafikii wenye nyumba. Alivuka mpaka akaenda Kenya. Namba yake ya simu nilikuwa nayo mimi peke yangu, na sikuulizwa.

Katika sala za familia yetu, za Krismasi na za misiba, anayeomba huwataja watoto wote kwa majina kisha huongeza: "na wote walio mbali." Sote tulijua "wote" hao ni mtu mmoja. Mimi mwenyewe nimeiomba sala hiyo.

Sasa Sweden. Ulutheri wa Nyanda za Juu Kusini ulianzishwa na wamisionari wa Berlin, na baadaye Waswidi wakaja kufanya kazi nasi, wengine katika hospitali ya Ilembula, upande wa Wanging'ombe. Urafiki wa sharika zetu na zao ni wa vizazi. Kisha Oktoba 2009 Kanisa la Sweden likaamua kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja, na Novemba mwaka huohuo Stockholm ikapata askofu, Eva Brunne, ambaye alikuwa anaishi na mwanamke mwenzake kama mke. Januari 2010 maaskofu wa kanisa letu la Kilutheri, KKKT, walijibu kwa Tamko la Dodoma: kanisa halikubali ndoa hizo. Lilisomwa, likajadiliwa, tukalikubali. Hata hivyo barua za sikukuu hazikukatika, na wageni waliendelea kuja na kwenda. Ndivyo ilivyo kati ya ndugu waliogombania jambo kubwa: wanauliziana habari za mvua.

Kiangazi cha 2019 nilikuwa mmoja wa ujumbe wa usharika wetu kwenda huko. Nilifikia kwa mama mmoja mstaafu aliyekuwa muuguzi Ilembula miaka ya nyuma, ambaye Wabena wote wa umri wangu tunamwita Sista. Kiswahili chake ni cha Ilembula hasa, na asubuhi alinigongea mlango kwa "Kamwene!" mpaka nikasahau niko nchi gani. Jumamosi moja akaniambia, "Mwalimu, leo binti yangu anasoma hadithi yake kwenye jumba la sanaa. Wanaosoma ni mashoga na wasagaji, na yeye ni mmojawapo. Ukitaka kubaki nyumbani, kuna viazi vya kumenya."

Nilikwenda. Viazi nimevimenya vya kutosha maishani.

Ukumbi ulikuwa kati ya picha za zamani za mandhari. Nyuma ya msomaji ilining'inia picha kubwa ya msitu wa misonobari na ukungu, na kama mchoraji angeongeza mama mwenye kuni kichwani ningeapa ni njia ya kwenda Lupembe. Tulikuwa watu wachache kuliko viti. Kulikuwa na kahawa na mikate ya mdalasini, na mtoto mmoja aliyekuwa anazunguka akihesabu mbwa walio kwenye picha. Kila msomaji alitakiwa asome kidogo cha kwake, kisha kidogo cha mwandishi mwingine ambaye hawezi kuwepo. Sista aliinama sikioni kwangu akawa anatafsiri.

Nitasema kweli, mwanzo haukunigusa. Mzee wa kwanza alisoma shairi refu juu ya rafiki yake aliyekufa miaka ya 1980, na ama shairi lilikuwa baya ama mnong'ono wa Sista uliliua, sijui. Nilichokishika ni pale alipoeleza kwamba msibani familia ilimtambulisha kuwa mpangaji mwenza. Hapo nilikaa sawa kwenye kiti. Mpangaji mwenza! Nilimwona mwanamke wa Njombe kwenye mkeka.

Sista mwenyewe, katikati ya wasomaji, akaninong'oneza habari ambayo alifurahia kuisimulia kuliko mashairi. Sweden ilifuta adhabu kwa mapenzi ya jinsia moja mwaka 1944, lakini madaktari wakaendelea kuyaandika katika orodha ya magonjwa hadi 1979. Mwaka huo watu walikwenda kukaa kwenye ngazi za idara ya afya kudai yaondolewe, na inasimuliwa kwamba wengine walipiga simu kazini kuomba ruhusa ya ugonjwa: leo siji, naumwa ushoga. "Na mimi," akasema Sista, "nilisomea uuguzi kwenye vitabu vilivyouita ugonjwa. Nilipata alama nzuri kabisa."

Binti yake alisimama mwisho. Ni mtu mzima, mrefu, na karatasi ilimtetemeka mkononi. Alisoma kipande chake kifupi kwa Kiswidi, mambo ya mashua na baba yake, kikapita. Kisha akabadili lugha, akaanza kusoma kwa Kiingereza makala ya Mkenya aliyekuwa amefariki miezi michache nyuma. Binyavanga Wainaina.

Jina nilikuwa nimelisikia redioni alipofariki Nairobi, tarehe 21 Mei 2019. Sikujua zaidi. Baadaye nilijifunza kwamba alizaliwa Nakuru mwaka 1971, baba Mkenya na mama Mganda, kwamba alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002, na kwamba mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa walioanzisha jarida la Kwani?, ambalo lilifungua mlango kwa waandishi wengi vijana wa Kenya. Ile makala alikuwa ameitoa Januari 2014, siku alipotimiza miaka 43. Nigeria ilikuwa imetoka kupitisha sheria kali, na Uganda bunge lilikwisha kupitisha ya kwake ikisubiri sahihi ya rais. Angeweza kuandika makala ya siasa, na alikuwa na ulimi wa kutosha wa kumchana mtu yeyote. Badala yake aliandika habari za mama yake.

Katika makala hiyo anajiweka kando ya kitanda cha hospitali mwaka 2000, mama yake anakata roho, naye anamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia: kwamba yeye ni shoga. Halafu anatuambia kwamba haikuwa hivyo. Alikuwa Afrika Kusini. Hakufika. Mama alifariki bila kumwona na bila kuambiwa, na miaka mingi baadaye mwana anaunda chumba kile kwa maneno ili aweze kuingia.

Sista aliacha kunong'ona katikati. Nilimgeukia, nikamwona anamwangalia binti yake, na Kiingereza changu cha ualimu kikabidi kifanye kazi peke yake. Kilitosha. Mimi nimekaa kando ya vitanda vya namna hiyo. Nimeshika mikono ya watu ambao midomo yao ilikuwa inafunguka na kujifunga, na mama zao wakiwa jikoni wanachemsha uji. Miaka yote nilidhani kwamba katika vyumba vile aliyekuwa na shida ya kusema ni mgonjwa. Sikuwa nimemfikiria mama wa jikoni, kwamba naye kuna kitu ananyang'anywa.

Waliposimama kunywa kahawa binti yake Sista alinijia, akanisalimia "Shikamoo Mwalimu" kama alivyofundishwa utotoni. Nikamwuliza, maana sijui kuzunguka, mama yake alipokea vipi. Akacheka. Akasema mama yake alimwambia kaa, akaenda kuosha vyombo vyote vya nyumba, hata visafi, kisha akarudi akamwuliza, "Sasa huyo mwenzako anakula samaki?"

Nilirudi Njombe mwezi wa Agosti, na baridi ya Agosti kwetu haina utani. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuitafuta ile makala kwenye simu, nikaisoma polepole na kamusi pembeni. Kisha nikafuata njia ilikonipeleka. Nikakuta kwamba Mganda, Monica Arac de Nyeko, alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi ya wasichana wawili wanaopendana, na kwamba Wanuri Kahiu wa Kenya aliitengenezea filamu, Rafiki, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2018 na kupigwa marufuku nyumbani. Mahakama Kuu ya Nairobi iliiruhusu siku saba tu mwezi Septemba mwaka huo, na kumbi zikajaa. Nikasoma pia kwamba siku tatu baada ya Binyavanga kufariki, mahakama hiyohiyo ilikataa ombi la kufuta vifungu vya sheria ya adhabu vinavyowahusu watu kama yeye. Vifungu hivyo viliandikwa na Mwingereza, kama vyetu. Kifungu cha 154 cha kwetu tulikirithi, na mwaka 1998 tukakiongezea makali: kifungo kisipungue miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Ninapoambiwa kwamba mambo haya yameletwa na Wazungu huwa nauliza ni yapi, maana sheria najua nani kaileta.

Watu wa Kiswahili tusijifanye hatujui namna kitabu kinavyoweza kuogopwa halafu kikaheshimiwa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilifungiwa isisomwe shuleni kwa sababu ilisema waziwazi mambo ya wasichana na wanaume. Sisi tuliisoma chini ya blanketi. Leo walimu wanaichambua ubaoni, chaki mkononi, na hakuna anayeona haya.

Lakini kusoma kwangu peke yangu chumbani kulikuwa si ushuhuda. Nilipanda Coaster ya Makambako, saa moja hivi ukijumlisha kusimama kwa kupakia viazi, nikaenda kwa mama mdogo.

Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anapuliza moto wa miti ya miwati. Tulisalimiana kwa Kibena kwa urefu unaostahili: wa nyumbani, wa shambani, wa kanisani, na kuku. Nilimpa kitambaa nilichomletea. Akataka habari za Ulaya, nikampa za Sista, ambaye anamkumbuka kwa kumchoma sindano. Kisha nikamwambia kwamba nimesikia hadithi huko, ya kijana wa Kenya na mama yake, nimsimulie? Akasema simulia, ugali haujaiva.

Nikamsimulia kwa Kibena, nikitupia Kiswahili pale Kibena kiliponigomea. Nikaanza na mama: mwanamke Mganda, ameolewa Nakuru, ana kazi yake, ana watoto. Nikaja kwa kijana anayesoma vitabu mpaka chakula kinapoa. Nikampeleka Afrika Kusini. Nikamlaza mama hospitali. Mama mdogo ni msikilizaji wa zamani, anaitikia kila sentensi, "ee", "ee", na pale mama alipolazwa aliacha kusonga akashika mwiko juu. Nikasema kijana anaingia, anamshika mkono, anamwambia, mama, mimi sipendi wanawake, napenda wanaume, tangu nilipokuwa mdogo, na sikukuambia.

Hakuitikia "ee". Aligeuza ugali. Moto ulilia kidogo, kuni ilikuwa mbichi.

Halafu akauliza, "Mama yake alijibu nini?"

Nikamwambia hakujibu. Kijana hakufika. Alikuwa mbali, mama akafa, na haya yote ameyaandika baadaye, anamwambia mtu ambaye hayupo.

"Kwa hiyo yule mama hakuulizwa."

"Hakuulizwa."

"Basi ameonewa." Akaondoa chungu motoni, akakiweka chini kwa nguvu. "Wamejibu kwa niaba yake. Wao wote, na huyo kijana naye. Wamejuaje angesema nini? Mimi mtu anijibie, nipo?"

Tulikula. Hakumtaja mwanawe na mimi sikumtaja. Nilipokuwa natoka alinifungia maharage kwenye mfuko wa Rambo, akanisindikiza mpaka barabarani, kitu ambacho kwa magoti yake si kidogo, na tulisimama tukiangalia malori mpaka Coaster ikaja. Nilitegemea ataomba namba. Hakuomba. Nilirudi Njombe nikijisemea kwamba, basi, hadithi ni hadithi.

Mabadiliko yangu yalionekana Krismasi ya mwaka ule. Tulikuwa wengi, ukumbini kwa kaka mkubwa, na mimi nikapewa kuomba kabla ya chakula. Nikawataja watoto wa mama mdogo kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nilipofika wa nne sikusema "na wote walio mbali." Nikataja jina lake la ubatizo, lote, na la ukoo, nikaomba Mungu amlinde huko Kenya aliko na ampe kazi. Sikuongeza neno lingine. Nilipofumbua macho, kaka alikuwa ananitazama kwa hasira, wifi anaitazama sahani, na mama mdogo bado kafumba, midomo inakwenda, anaendelea na sala ambayo mimi nilikwisha kuimaliza.

Toka siku hiyo ndivyo ninavyoomba, na ndivyo ninavyohesabu. Mtu akisema mbele yangu kwamba mama mdogo ana watoto wanne, namsahihisha kama ambavyo ningemsahihisha mtoto wa darasa la pili aliyekosea kujumlisha. Wakianza kwenye daladala au kwenye kikao maneno ya kwamba watu hawa wauawe, wachomwe, sijui watupwe wapi, nauliza huyo unayemsema mama yake anaitwa nani. Mara nyingi kunazuka ukimya, mara nyingine natukanwa. Kiinua mgongo changu kimekwisha kulipwa, wanitukane.

Kwenye Umoja wa Wanawake niliitwa nieleze. Dada mmoja, ambaye nampenda na tumeimba pamoja tangu ujana, aliuliza kwa uwazi kama Wazungu wamenipa fedha. Nikamjibu wamenipa kahawa na mikate ya mdalasini, na mikate ilikuwa mikavu. Wakacheka, kikao kikalegea kidogo. Nikasema Tamko la Dodoma nalijua na sijaja kulipinga. Sijaombwa na mtu kufungisha ndoa. Nimeuliza swali moja tu: sisi tuliojifunza kwa misiba mingi kutomficha mgonjwa, tunamfichaje mzima? Dada yule hakukubaliana nami na mpaka leo hatukubaliani. Mchungaji alisema tuliombee. Tunaliombea.

Kuna jambo ambalo wahudumu wa majumbani walilielewa kabla ya wazee wa kanisa. Februari 2017 serikali ilisimamisha vituo vipatavyo 40 vilivyokuwa vinatoa huduma za UKIMWI kwa makundi yanayokwepwa, mashoga wakiwemo, ikidai vinaeneza ushoga. Mhudumu yeyote aliyefanya kazi Njombe miaka ile mibaya anajua anayeogopa kuonekana huenda wapi: haendi popote, anakaa ndani mpaka unaitwa umwoshe. Binyavanga mwenyewe, Siku ya UKIMWI Duniani mwaka 2016, alitangaza kwamba anaishi na virusi. Niliposoma hilo nilimkumbuka mama wa vitumbua, ambaye bado anauza, na bei amepandisha.

Mama mdogo aliomba namba wakati wa kuvuna viazi, hata sikuwa nimemtembelea. Alituma mjukuu anipigie. Niliiandika kwenye ujumbe, kisha nikampigia kijana kumwonya, kwa sababu niliogopa asije akaona namba ya Tanzania asiyoijua akaikata. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha. Akasema, "Shangazi, niseme nini?" Yeye huniita shangazi tangu akiwa kwangu, ingawa mimi ni dada yake, kwa sababu ya umri. Nikamwambia aitikie kwanza.

Sijui yote waliyozungumza na sitaki kujua. Nilichoelezwa na mjukuu aliyeshika simu ni kwamba bibi alimgombeza kwa kutokwenda kanisani, akamwuliza anaoa lini, akajibiwa haoi, akasema "haya." Kisha akamwuliza kilo ya parachichi Nairobi ni shilingi ngapi, akaambiwa, akasema madalali wa Makambako ni wezi.

Sasa wanapigiana Jumapili baada ya ibada. Bado anamwuliza anaoa lini, na kijana hunipigia kulalamika, nami humwambia huyo ndiye mama yake, amjibu yeye. Mwaka jana kaka mkubwa alimwuliza mama mdogo, alipokuwa anamjazia fomu ya bima ya afya, ana watoto wangapi. Akasema watano, na akasisitiza kalamu isiwe ya risasi.